Nchi Isiyo na Bahari Haina Budi Kuwa na Bohari

Uganda haina pwani. Neno hili tulifundishwa shuleni tukiwa wadogo, tukalikariri pamoja na majina ya mito na milima, kisha tukalisahau. Mwananchi wa Kampala huamka asubuhi akamnunulia mtoto wake dawa katika duka la Wandegeya au la Kawempe, wala haimjii fikira kwamba vidonge vile vilipanda meli, vikateremshwa Mombasa, vikapakiwa katika lori na kusafiri kilomita zipatazo 1,170 kabla ya kufika mkononi mwake. Bahari iko mbali, na kilicho mbali husahauliwa upesi. Lakini bahari haimsahau mwananchi huyo. Kila inapochafuka yeye huionja, ijapokuwa hajapata kuiona maishani mwake.

Katika makala haya twataka kusema neno moja tu, nalo ni hili: nchi isiyo na bahari haina budi kuwa na bohari. Hatusemi bohari ya kuwekea dawa za mwezi huu na za mwezi ujao, hiyo tunayo. Twasema bohari ya akiba, iliyojazwa wakati wa utulivu, itakayotosha kuwatunza wagonjwa wetu muda wote ambao meli zimekwama huko zilikokwama.

Yawezekana msomaji akauliza: askari na dawa, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Sisi tuliopita katika chuo cha maofisa wanafunzi cha Kabamba tulifundishwa mapema kwamba ushindi hauletwi na bunduki peke yake. Mkufunzi wetu wa ugavi hakuanza somo lake kwa habari za mizinga. Alituamuru tufungue chupa zetu za maji, na yule ambaye chupa yake ilikuwa nusu akaamriwa kusimama mbele ya wenzake. "Ofisa huyu," alisema mkufunzi, "amekwisha kushindwa kabla adui hajamwona." Tulicheka siku ile. Baadaye, katika mazoezi ya jua kali, hatukucheka tena. Kisha akatupa maswali matatu ambayo kila mkuu wa kikosi lazima aweze kuyajibu hata akiamshwa usiku wa manane. Tuna nini? Kitatutosha siku ngapi? Njia hii ikifungwa, tutapita wapi?

Maswali hayo matatu ndiyo twayaleta leo mbele ya wananchi, kwa ajili ya dawa.

"ZI NJIANI"

Si zamani sana tulimsindikiza askari mwenzetu aliyembeba mwanawe mwenye homa kali ya malaria hadi kituo kimoja cha afya nje ya mji. Muuguzi alitupokea kwa upole. Akafungua kabati mbele yetu, bila shaka ili tusije tukadhani kwamba anaficha kitu. Rafu za juu zilikuwa tupu. Ya chini ilikuwa na bandeji na chupa chache za dawa ya macho.

"Sista, dawa zitakuja lini?" aliuliza mwenzetu.

"Afande," akajibu muuguzi, "sisi huambiwa tu kwamba zi njiani."

Akaandika jina la dawa kwenye kipande cha karatasi. Mwenzetu akapanda bodaboda hadi duka la dawa, akanunua, akarudi, na mtoto akapona. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba siku ile askari yule alikuwa na fedha mfukoni, maana mshahara ulikuwa umetoka juzi yake. Twajiuliza mambo yangekuwaje kama ungalikuwa mwisho wa mwezi, au kama mzazi yule angalikuwa mkulima asiye na mshahara wowote.

Neno lile, "zi njiani", ndilo lililotusukuma kuandika. Ni njia gani hiyo, na ni nini kinachoweza kuifunga?

Sehemu kubwa kabisa ya dawa zinazotumika Uganda hutoka ng'ambo, na nyingi kati ya hizo hutoka India. Hupita bahari hadi Mombasa, kisha barabara hadi Malaba au Busia, kisha Kampala. Hapo nyingine huingia katika maghala ya Bohari Kuu ya Dawa ya taifa, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1993, ambayo wengi huijua kwa herufi NMS. Nyingine huingia Joint Medical Store ya Nsambya, iliyoanzishwa mwaka 1979 na makanisa kwa ajili ya hospitali zao. Nyingine huenda kwa wafanyabiashara. Iko njia ya pili, nayo ni ile ya Dar es Salaam, kwa reli ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Mwanza, kisha kwa meli ya ziwani hadi Port Bell. Dawa chache zisizoweza kungoja, kama chanjo, huja kwa ndege hadi Entebbe. Basi njia zetu ni hizo tu, na katika hizo ni moja inayobeba mzigo mkubwa kuliko nyingine zote.

HISTORIA HAIKUNYAMAZA

Asiwepo atakayesema kwamba hatukuonywa. Mwezi Julai 1976, baada ya mambo ya Entebbe, uhusiano na Kenya uliharibika, na mizigo na mafuta ya Uganda yakakwama upande wa pili wa mpaka hadi mapatano ya Agosti mwaka ule. Desemba 1987 risasi zilisikika mpakani Busia, na mpaka ukafungwa. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, watu wenye hasira waling'oa reli Kibera, malori yakazuiwa barabarani, na huku Kampala petroli ikaadimika na bei yake ikapaa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mipaka ilifungwa kwa watu lakini ikaachwa wazi kwa mizigo. Hata hivyo madereva walingoja majibu ya vipimo, na foleni ya malori Malaba ikawa ndefu kupita mfano. Januari 2022 madereva waligoma kwa sababu ya vipimo hivyo hivyo, na mafuta yakaadimika tena.

Katika hayo yote wananchi hukumbuka petroli, kwa kuwa upungufu wa petroli huonekana na kila mtu barabarani. Upungufu wa dawa hauonekani barabarani. Huonekana kitandani, nyumba moja moja, na aliyefiwa hana foleni ya kupigiwa picha.

Walakini yako mafunzo ya zamani zaidi, na haya yahusu hasa kazi yetu ya uaskari. Katika vita vya 1914 hadi 1918 manowari za Waingereza ziliifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwinini, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa kinga kuu ya malaria, haikuweza kuja tena kutoka Ulaya, isipokuwa kile kidogo kilichopenya. Lakini kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamepanda mikwinini katika kituo chao cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Meli zilipokoma, wakaanza kutengeneza kwinini kwa magome ya miti hiyo. Baadaye, walipokuwa wakirudi nyuma msituni, wakachemsha magome na kunywa maji yake machungu. Jeshi lao halikusalimu amri hadi Novemba 1918. Hatusemi haya kuwasifu wakoloni, ambao vita vyao viliwaua wapagazi wa Kiafrika kwa maelfu ya maelfu. Twasema kwa sababu dawa iliyowasaidia ilitoka katika mti uliopandwa kabla ya mtu yeyote kuuhitaji.

Fundisho la pili ni la vita vilivyofuata. Karibu sehemu tisa kwa kumi za kwinini ya dunia zilitoka kisiwa kimoja, nacho ni Java. Mwezi Machi 1942 Wajapani waliiteka Java, na mataifa makubwa yenye meli, viwanda na fedha yakajikuta mikono mitupu mbele ya mbu. Yakalazimika kutegemea dawa nyingine ya viwandani, mepakrini. Vijana wetu wa KAR waliopelekwa Burma mwaka 1944 waliimeza kila siku hadi ngozi zao zikageuka rangi ya manjano. Ikiwa mataifa yale yalijuta kwa kuweka tegemeo lao lote mahali pamoja, sisi twategemea nini kingine isipokuwa majuto yale yale?

BAHARI YA SHAMU NA MTOTO WA KISORO

Tuje katika siku za karibu. Machi 2021 meli moja, Ever Given, ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita, na mamia ya meli zikasimama nyuma yake. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu. Kuanzia Desemba mwaka ule makampuni makubwa ya meli yaliacha njia ile na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika, safari inayoongeza siku kumi hadi kumi na nne kati ya Asia na Ulaya. Machi 2024 meli Rubymar ilizama baada ya kupigwa. Julai 2025 nyingine mbili, Magic Seas na Eternity C, zikazamishwa katika juma moja.

Hapa yupo atakayetupinga, naye tumsikilize. Atasema: dawa zetu zatoka India, na meli itokayo Mumbai kuja Mombasa haipiti Bahari ya Shamu; basi Wahouthi watuhusu nini?

Twajibu kwamba pingamizi hilo ni kweli katika ramani lakini si kweli katika biashara. Meli na makontena ya dunia ni kama malori ya mji mmoja. Ukiyalazimisha mengine kuzunguka mbali, yaliyobaki hayatoshi, na bei ya yote hupanda, hata kwa mteja asiyeishi kwenye njia iliyofungwa. Bima huongezeka. Meli hubadili ratiba, huruka bandari ndogo, na mzigo wa kubadilishiwa meli katika bandari ya njiani hukaa hapo ukingoja. Tena vifaa vingi vya hospitali, vipimo vya maabara na dawa kadhaa hutoka Ulaya, navyo vilipita njia ile ile ya Suez.

Wala si bahari peke yake ifungayo njia. Machi 2020 India, kwa kuhofia upungufu nyumbani kwake, ilizuia kwa muda usafirishaji wa malighafi na dawa za aina 26, ikiwamo parasetamoli. Mwaka uliofuata, ugonjwa ulipowazidia, walizuia chanjo. Hatuwalaumu, kila mzazi hulisha wanawe kwanza. Lakini mwana wa jirani naye ajue hivyo, aweke chakula chake.

Sasa tuangalie jinsi kuchelewa kidogo baharini kunavyogeuka kuwa kuchelewa kukubwa kijijini. Bohari Kuu ya Dawa hupeleka dawa wilayani kwa mizunguko, mmoja kila miezi miwili. Mpango huo ni mzuri, maana kituo cha afya hujua siku ya kupokea. Lakini tuseme kontena moja limechelewa siku kumi na nne baharini, na lori la mzunguko likaondoka kabla halijafika. Siku zile kumi na nne zimekwisha kuwa miezi miwili kwa mtoto wa Kisoro au wa Kaabong, isipokuwa dawa hiyo ipelekwe kwa safari ya dharura yenye gharama yake nyingine. Meli imechelewa majuma mawili. Kabati la kijijini limekaa tupu majuma manane.

AKIBA YA DAWA HUOZA

Dawa ya ugonjwa huu ni akiba. Tutoe hesabu nyepesi. Tuseme nchi hutumia masanduku 100 ya dawa fulani kwa mwezi, na kutoka siku ya kuagiza hadi siku ya kupokea hupita miezi minne. Mwenye bohari akingoja mpaka abaki na masanduku 400 ndipo aagize, hesabu yake ni sahihi kabisa, mradi dunia nzima iwe salama. Meli ikichelewa mwezi mmoja, wagonjwa wa mwezi mzima wamekosa. Akiwa na masanduku mengine 300 pembeni, meli yaweza kuchelewa miezi mitatu na mgonjwa asijue. Tofauti kati ya nchi hizo mbili ni masanduku 300 tu, wala haihitaji wanasayansi wapya.

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika jambo hili wahenga na watuwie radhi, kwani akiba ya dawa huoza. Kila kopo lina tarehe yake, na tumeona mara nyingi wananchi wakikasirika, tena kwa haki, waliposikia kwamba dawa zilizonunuliwa kwa kodi zao zimechomwa moto kwa kupitwa na wakati. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yetu, wala hatuikwepi.

Lakini askari haweki risasi za akiba zikaota kutu. Zilizoingia kwanza hutoka kwanza, huenda kwenye mazoezi, na mpya huchukua mahali pake. Akiba ya dawa yapasa iwe kama mtungi wa maji nyumbani: hunywewa kila siku na kujazwa kila siku, lakini hauachwi ukapungua kupita alama iliyowekwa. Akiba ya namna hiyo haichomwi moto, kwa kuwa dawa iliyo karibu na tarehe yake hupelekwa hospitalini kila mara na mpya huingia nyuma yake.

Wala haifai kuweka akiba ya kila kitu. Iwepo orodha fupi, ya zile ambazo zikikosekana mtu hufa au hulemaa: dawa za malaria, na hasa sindano ya malaria kali, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, ambazo maisha ya watu zaidi ya milioni moja nchini yazitegemea kila siku, dawa za kifua kikuu, insulini, sindano ya kumzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, viuavijasumu vya lazima, dripu, na damu na vifaa vyake. Baadhi ya hizi, kama insulini na ile sindano ya uzazi, hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo bohari yake lazima iwe na majokofu na jenereta ya uhakika. Kuta peke yake hazitoshi.

YAPASAYO KUTENDWA

Tukiyatumia maswali matatu ya Kabamba, twaona mambo manne.

Kwanza, sheria iweke kiwango cha akiba kwa orodha hiyo fupi. Sisi twapendekeza matumizi ya miezi sita, na fedha zake zitengwe peke yake katika bajeti, zisiguswe kwa haja nyingine. Tena akiba isilundikwe yote kando ya barabara ya Entebbe. Iwepo Mbale, iwepo Gulu, iwepo Mbarara na Arua. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na moto mmoja, au mafuriko ya siku moja, visiweze kuiacha nchi nzima bila dawa.

Pili, njia ya Dar es Salaam na Mwanza itumike kila mwaka, hata wakati ile ya Mombasa iko wazi, hata ikiwa ghali zaidi. Njia isiyopitwa huota majani. Mwaka ambao tutalazimika kuitumia haupaswi kuwa mwaka wa kujifunza fomu za forodha, au wa kugundua kwamba meli ya ziwani iko gatini ikitengenezwa. Tangu meli Kabalega izame mwaka 2005 baada ya kugongana na Kaawa, tumejua jinsi njia hii ya ziwa ilivyo nyembamba. Iimarishwe kabla ya shida.

Tatu, viwanda. Hatua chache tu kutoka Port Bell, huko Luzira, kiko kiwanda cha Quality Chemical kilichofunguliwa mwaka 2007, ambacho hutengeneza dawa za UKIMWI na za malaria kwa kiwango kilichothibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Mukono kiko kiwanda cha Abacus kitengenezacho dripu. Twajivunia viwanda hivi, lakini tusijidanganye: malighafi ya vidonge bado huja kwa meli. Basi akiba iwekwe pia ya malighafi, kwani unga wa dawa hauchukui nafasi kubwa, na kontena moja la unga laweza kuwa kazi ya miezi ya kiwanda. Dripu ni kinyume chake. Sehemu yake kubwa ni maji, nayo ni mizito. Kuvusha maji bahari nzima na kuyapandisha hadi Kampala, mji ulio kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, ni aibu. Vitu vizito na vyepesi kutengeneza vitoke nyumbani. Unga wa ng'ambo uwekwe akibani.

Nne, majirani. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki yawepo mapatano mawili mepesi: kwamba lori la dawa halipangi foleni mpakani, liwe na vita, liwe na ugonjwa, liwe na mgomo, na kwamba nchi iliyopungukiwa yaweza kukopa akiba ya jirani na kuilipa kwa dawa. Kazi ya kulinganisha kanuni za dawa za nchi zetu ilizinduliwa Arusha mwaka 2012. Basi dawa iliyokubaliwa Nairobi au Dodoma isilale Malaba kwa sababu ya muhuri.

Wako watakaouliza, fedha ziko wapi? Twawauliza nao: ni nani aliyelipa mwaka 2008, mwaka 2020 na mwaka 2022? Mwananchi alilipa, tena kwa bei ya dharura, ambayo ni ghali kuliko zote. Mzigo ambao ungekuja kwa meli ukija kwa ndege, fedha ya akiba imekwisha kuliwa hewani.

TUSIISINGIZIE BAHARI

Hata hivyo lazima tuseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli ni kama chupa ya maji iliyo nusu. Si kila kabati tupu limesababishwa na meli. Ziko dawa zilizofika Mombasa salama, zikafika Kampala salama, zikapotea katika kilomita za mwisho. Mwaka 2009 serikali ililazimika kuunda kikosi maalumu cha kufuatilia wizi wa dawa. Bohari ya akiba isiyo na hesabu ya kweli ni karamu ya wezi. Kituo kinachoandika katika daftari kwamba kimetumia dawa ambazo hakikuzitumia kinamdanganya mwenye bohari, naye ataagiza kwa uongo huo.

Wala hatusemi jeshi likabidhiwe dawa. Mfamasia na abaki mfamasia. Jeshi laweza kulinda ghala, laweza kutoa malori na ndege siku ya dharura, na laweza kusindikiza msafara. Lakini bunduki mlangoni haiongezi hata kidonge kimoja ndani. Tangu Machi 2007 vijana wa Uganda walipopelekwa Somalia, miongoni mwa kazi zao za kwanza ilikuwa kulinda bandari ya Mogadishu. Wana wa nchi isiyo na pwani walilinda bandari ya wenzao, wakajua kwa macho yao kwamba meli moja inapotia nanga salama, maelfu hula na kutibiwa. Walijua pia kwamba ziko siku ambazo meli haiji, hata ulinzi uwe imara namna gani. Siku hizo huishi yule aliyejiwekea.

Kwa hiyo basi, twawaomba wanaohusika katika Wizara ya Afya, katika Wizara ya Fedha na katika Bunge wayajibu maswali matatu mbele ya wananchi, kila mwaka, kabla ya bajeti kusomwa. Kwa kila dawa ya orodha ile fupi: tuna nini, kitatutosha siku ngapi, na njia hii ikifungwa tutapita wapi? Majibu yaandikwe kwa tarakimu na kutangazwa. Na mwananchi naye aifanye sehemu yake: asinunue dawa za kuficha nyumbani pindi asikiapo uvumi wa uhaba, asiache dozi katikati, na akiona dawa ya serikali ikiuzwa sokoni asinyamaze.

Yule mtoto wa askari mwenzetu sasa anakwenda shule. Bila shaka siku moja mwalimu atamfundisha kwamba Uganda haina pwani, naye atalikariri neno hilo kama tulivyolikariri sisi. Muuguzi wa kituo kile naye atafungua kabati lake kesho asubuhi, na mzazi mwingine atakuwa amesimama mbele yake. Asilazimike kumjibu kwamba dawa zi njiani.